Nyaya za plagi za Datsun 240Z

Nyaya za plagi za Datsun 240Z ni nyaya saba zinazopitisha umeme wa volteji kubwa katika injini ya gari hili la michezo kutoka Japani. Waya mmoja hutoka kwenye koili hadi katikati ya kifuniko cha distribyuta. Nyaya sita hutoka kwenye kifuniko hicho hadi kwenye plagi, mmoja kwa kila silinda. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ya spea nyingine za gari hili, lakini zikichoka injini humisi na kosa hudhaniwa kuwa la kabureta. Kwa sababu hiyo njia ya gharama ndogo ya kuzibadilisha huanza kwa kuzipima.

Gari na injini yake

Datsun 240Z ilitengenezwa na kampuni ya Nissan kuanzia mwaka 1969 hadi 1973. Nchini Japani iliuzwa kwa jina la Fairlady Z. Afrika ya Mashariki gari hili lilijulikana kwa ushindi wake katika mbio za Safari: mwaka 1971 lilishinda likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews.

Injini yake, inayoitwa L24, ina silinda sita zilizo katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na kabureta mbili. Kabureta na mabomba ya kutolea moshi viko upande wa kushoto wa injini. Plagi na distribyuta viko upande wa kulia, kwa hiyo fundi huzifikia kwa urahisi mara tu anapofungua boneti.

Jinsi zinavyofanya kazi

Koili hupokea umeme wa betri wa volti 12 na kuukuza hadi makumi ya maelfu ya volti. Ndani ya distribyuta, rota inayozunguka huugawa umeme huo kwa kila waya kwa zamu. Katika injini ya L24 zamu hiyo ni 1-5-3-6-2-4, na silinda namba 1 ni ile iliyo mbele, karibu na rejeta.

Nyaya nyingi za aina hii hazina shaba katikati. Kiini chake ni nyuzi zilizotiwa kaboni, zenye ukinzani wa umeme uliokusudiwa. Ukinzani huo hupunguza mawimbi yanayosababisha kelele katika redio ya gari. Kiini hufunikwa kwa ganda nene la mpira au silikoni linalozuia umeme usitoroke njiani.

Kuchakaa na dalili zake

Ganda hukauka na kupasuka kwa sababu ya joto, mafuta na mtikisiko. Kiini hukatika pale waya unapokunjwa sana, au unapovutwa wakati wa kutoa plagi. Katika 240Z nyaya haziko upande wa mabomba ya moshi, kwa hiyo adui yake mkubwa ni umri. Gari lililotembea kilomita chache tu lakini likakaa gereji miaka mingi linaweza kuwa na nyaya mbovu.

Dalili ya kwanza kwa kawaida huonekana gari linapopanda mlima au linapoongezwa mwendo ghafla. Wakati huo hewa na petroli vinashindiliwa zaidi ndani ya silinda, na volteji kubwa zaidi inahitajika ili cheche iruke kwenye plagi. Umeme ukipata ufa kwenye ganda, huruka kupitia hapo hadi kwenye chuma cha injini. Injini iliyotulia vizuri ikiwa imesimama huanza kumisi inapobeba mzigo. Upungufu wa petroli huleta dalili inayofanana na hiyo, na ndiyo maana wenye magari wengine hugharamia matengenezo ya kabureta zisizo na kosa. Dalili nyingine ni ugumu wa kuwaka asubuhi yenye unyevu.

Kupima kabla ya kununua

Vipimo vifuatavyo havihitaji vifaa vya bei kubwa:
* Kutazama gizani. Boneti hufunguliwa usiku injini ikiwa inanguruma. Cheche za buluu kwenye nyaya ni ishara kwamba umeme unavuja.
* Kupima ukinzani. Injini ikiwa imezimwa, waya hutolewa na kupimwa kwa multimita kutoka ncha moja hadi nyingine. Waya mrefu huwa na ukinzani mkubwa kuliko mfupi, kwa hiyo hulinganishwa kwa kuzingatia urefu. Waya uliozidi sana wenzake, au usiopitisha umeme kabisa, haufai.
* Kukagua kwa macho. Nyufa, madoa ya kuungua, kutu kwenye ncha za chuma na kofia za mpira zilizolegea ni sababu za kutosha za kubadilisha.

Kifuniko cha distribyuta na rota hukaguliwa pamoja na nyaya. Ufa mwembamba kwenye kifuniko huleta dalili zilezile, na nyaya mpya haziwezi kuuponya.

Kuchagua nyaya

Injini za silinda sita za familia ya L zilitumika pia katika 260Z na 280Z, kwa hiyo nyaya bado hutengenezwa kwa wingi. Seti ya kawaida yenye kiini cha kaboni inatosha kwa gari la matumizi ya kila siku. Nyaya nene za rangi zinazouzwa kwa bei ya juu haziongezi nguvu ya injini ambayo cheche zake tayari ni nzima, kwa sababu unene huo kwa sehemu kubwa ni wa ganda. Nyaya zenye kiini cha shaba tupu huleta kelele redioni, na zinaweza kuvuruga mfumo wa kuwashia wa kielektroniki kama umefungwa mahali pa ule wa zamani.

Kubadilisha

Kazi hufanywa injini ikiwa imezimwa na kupoa. Nyaya hubadilishwa mmoja baada ya mwingine: wa zamani hutolewa, mpya wenye urefu uleule huwekwa mahali pake, kisha fundi huhamia unaofuata. Kwa njia hiyo zamu ya cheche haipotei. Nyaya zikiwa zimeshachanganywa, hupangwa upya kwa kufuata 1-5-3-6-2-4 kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kama rota inavyozunguka.

Waya huvutwa kwa kushika kofia yake ya mpira. Unapowekwa husukumwa mpaka ncha yake ishike, kisha hupitishwa kwenye vishikizo vyake ili usiguse feni wala chuma chenye joto. Grisi kidogo ya silikoni ndani ya kofia huzuia unyevu na hurahisisha kuitoa siku nyingine.

Usalama

Waya haupaswi kuguswa kwa mkono injini inapowaka, hata kama ganda linaonekana zima. Mshtuko wake unaweza kumfanya mtu aangukie feni au mkanda, na ni hatari zaidi kwa mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Mahali penye harufu ya petroli injini isiwashwe mpaka uvujaji urekebishwe, kwa kuwa cheche iliyotoroka kwenye waya inatosha kuwasha moto.

Tazama pia
* Plagi
* Distribyuta
* Kabureta
* Nissan