Mkao, Si Umbizo

Katika ofisi moja ya utalii jirani na Barabara ya Sokoine, Arusha, ratiba ya kupanda Mlima Meru ilivurugika siku chache baada ya kompyuta kuhamishiwa Windows 11. Kushoto palikuwa na majina ya vituo, kulia mwinuko wake: Miriakamba mita 2,514, Saddle mita 3,570, kileleni mita 4,566. Katika barua pepe iliyomfikia mgeni, mistari ilikuwa imejaa na tarakimu zikaangukia mistari ya chini, hata mita 3,570 zikasimama kando ya neno kilele.

Karani alimwita fundi. "Njoo uone, barua imekaa vibaya."

Fundi alitazama menyu, ambayo ilikuwa ya Kiswahili, akasema tatizo ni umbizo na kwamba itabidi kuumbiza upya. Karani akauliza kuumbiza ndiyo nini. Fundi akajibu kwamba ndiyo Kiswahili cha kufomati. Dada yule akashika kipanya kwa mikono miwili: "Fundi, mafaili yangu si yatafutika yote?"

Hofu yake ilikuwa ya haki. Mitaani, kuanzia Kijenge hadi Ngaramtoni, kufomati ni kufuta. Flashi ikiingia virusi hufomatiwa, simu ikigoma hufomatiwa, na kilichokuwamo hakirudi kirahisi. Waliotunga umbizo walikuta Kiingereza kina neno moja kwa kazi mbili, kuandaa diski upya na kuyapa maandishi sura, wakazifunga kazi zote mbili katika mzigo mmoja wa Kiswahili. Hakuna sheria ya lugha iliyowalazimisha. Ni uvivu, na mwandishi wa makala haya haoni jina jingine la kuuita.

Kosa la pili liko katika mzizi wenyewe. Umbizo limetoka katika kitenzi umba kwa kupitia umbia, kwa njia ileile ambayo ingia huzaa ingiza na tulia huzaa tuliza. Kwa sarufi halina dosari. Lakini umba ni kazi ya Muumba, na ya mfinyanzi mbele ya udongo. Kinachoumbwa hupata umbo, na umbo ni la asili, ndiyo maana tukasema maumbile. Kulitengua umbo ni kuumbua, kama vile kulitengua fungo ni kufungua, na aliyeumbuka amepata aibu. Herufi nzito, wino mwekundu, nafasi kati ya aya, safu za jedwali: hivi vyote huvaliwa na kuvuliwa mara kumi kwa siku, na maneno ya barua yakabaki yaleyale. Havikuumbwa, na kuviondoa hakumuumbui mtu.

Hata neno la Kilatini lililozaa fomati ya wazungu halikudai makuu hayo. Wachapaji wa Ulaya waliliita hivyo umbile la nje la kitabu, yaani ukubwa wake baada ya karatasi kukunjwa, wala si habari iliyoandikwa ndani.

Wapo wanaopendekeza muundo. Muundo ni wa kuunda, kama jahazi linavyoundwa, mbao juu ya mataruma. Barua ina muundo kwa kuwa na anwani, salamu, kiini na hitimisho, na huo haukuguswa Arusha. Wengine hupendekeza mpangilio, neno zuri la viti ukumbini, lakini halisemi chochote kuhusu unene wa herufi wala rangi yake. Wote hawa wamepita mbali na neno ambalo karani alikuwa ameshalisema kabla fundi hajaketi.

Barua imekaa vibaya. Kwa hiyo kilichoharibika ni mkao.

Kaa ni kitenzi kikongwe. Sauti L iliyopotea kati ya irabu zake mbili hujitokeza tena katika kalia na kalisha, na ndugu zetu Wagiriama bado wanaitamka waziwazi wanaposema kukala. Kutokana nacho tuna makao, makazi, kikao na mkazi. Mkao umejengwa kama mwendo, mchezo na msemo, yaani namna jambo linavyofanyika. Tena kaa si la kiti peke yake. Mshonaji wa Soko Kuu akimaliza koti hurudi nyuma hatua mbili na kusema limekukaa. Hasemi limeumbizika. Anapima jinsi kitambaa kilivyotulia juu ya mwili, na hicho ndicho tunachokipima katika maandishi juu ya kioo.

Mwandishi aliwahi kulipeleka neno hili mbele ya kikao cha wajuzi. Lilijadiliwa kwa muda usiotosha kunywa chai. Mmoja wao alisema watu watafikiria mkao wa kula, wengine wakacheka, na ukurasa ukafunuliwa. Kicheko kile hakijajibiwa mpaka leo, na jibu lipo. Anayekaa mkao wa kula ameuweka mwili wake kwa namna aliyoichagua, kwa shughuli maalumu, na shughuli ikiisha ataubadilisha. Hakuna maelezo sahihi zaidi ya dhana hii. Waliocheka walikuwa wameshikilia ushahidi, wakautupa. Ndio walewale wanaotetea tarakilishi, neno la tarakimu na akili, huku wao wenyewe wakiagiza kompyuta.

Kuhusu ratiba ya Meru, chanzo kilikuwa hiki. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi ikahama, na pamoja na mfumo ikapata programu mpya ya barua. Ya zamani ilitumia herufi za Calibri, zilizokuwa chaguo la kawaida la Microsoft tangu 2007. Mpya hutumia Aptos, zilizoshika nafasi hiyo kuanzia 2023, nazo ni pana kidogo. Safu zilikuwa zimenyooshwa kwa kubonyeza nafasi mfululizo, kisha zikabandikwa katika programu mpya kama maandishi matupu. Dawa ni kuchora jedwali halisi, kuchagua herufi ambazo mpokeaji naye anazo, na kujitumia barua ya majaribio. Mgeni akipokea kiambatisho kiitwacho winmail.dat, badili mkao wa barua kutoka Rich Text kuwa HTML.

Katika matumizi: mkao wa aya, mikao ya majedwali, ondoa mkao, nakili mkao, kalisha maandishi. Fomati libaki kwa diski, ambako watu wameshalizoea na wanaliogopa inavyostahili.

Ofisini kule fundi alichora jedwali upya, na mita 4,566 zikarudi kileleni. Kabla ya kuondoka, karani alibandika kikaratasi pembeni mwa kioo, kwa mwandiko wake: "Kagua mkao kabla ya kutuma."