Katika nyumba ya udada, kikulacho ki nguoni mwako

Mwanafunzi wangu wa uzamili, anayetafsiri hadithi za kutisha za Kimarekani, alinijia hivi majuzi na swali lililonikosesha jibu kwa siku mbili. “Prof, ‘sorority’ tuiite nini kwa Kiswahili? Nikiandika bweni la wasichana, maana inapotea.” Alisema kweli. Bweni ni mahali pa kulala. Alichokuwa akikitafsiri ni chama, kiapo na nyumba kwa pamoja. Tuliafikiana kutumia ‘nyumba ya udada’ hadi atakapojitokeza mwenye neno bora. Lakini swali lake lilinirudisha kwenye historia, kwa sababu bila historia hiyo hatuwezi kuelewa kwa nini hadithi za giza za kule hurejea nyumba hizi kila mara.

Tuanzie 1867. Mwaka huo chuo cha Indiana Asbury, ambacho leo huitwa DePauw, kilianza kuwapokea wanawake. Waliingia madarasani, ila kuingia si kukaribishwa. Wanafunzi wa kiume tayari walikuwa na vyama vyao vilivyojiita kwa herufi za Kigiriki. Husimuliwa kwamba chama kimojawapo kilimpa Bettie Locke beji yake aivae kama pambo tu, bila uanachama. Akakataa. Mnamo Januari 1870, yeye na wenzake watatu waliunda Kappa Alpha Theta, chama cha kwanza cha wanawake kutumia herufi hizo.

Jina la jumla lilichelewa. Vyama vya mwanzo vya wanawake vilitumia neno lile lile la wanaume, lenye mzizi wa Kilatini ‘frater’, yaani kaka. Chama cha Gamma Phi Beta kilipoanzishwa Syracuse mnamo 1874, profesa wa Kilatini Frank Smalley anasemekana kupendekeza neno lenye mzizi wa ‘soror’, yaani dada. Kiswahili kisingehangaika hivyo, maana ‘ndugu’ wetu hana jinsia.

Hivyo basi, nyumba ya udada ilianza kama kimbilio. Lakini kimbilio lenye mlango huwa na bawabu. Mgeni aliteuliwa na wenyeji, akaapishwa, akafundishwa siri. Aliyeachwa nje alijua ameachwa. Wasichana weusi, ambao vyama vya weupe viliwafungia mlango kwa miongo mingi, walijenga vyao. Alpha Kappa Alpha ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Howard mnamo 1908. Na asidhani mtu kwamba hayo ni ya kale. Mnamo 2013, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, The Crimson White, liliripoti madai ya baadhi ya wanachama kwamba dada zao waliohitimu zamani waliingilia kati ili msichana mweusi mwenye sifa zote asichukuliwe. Wadogo walitaka kumpokea, wakubwa wakasema la.

Sasa tutazame hadithi zenyewe. Mnamo 1951 Shirley Jackson alichapisha riwaya ya Hangsaman. Mhusika wake, Natalie, anaenda kuishi katika chuo cha wasichana. Amezungukwa na wenzake usiku na mchana, na bado yuko peke yake. Hatimaye anampata rafiki, Tony, lakini kadiri tunavyosoma ndivyo tunavyoanza kujiuliza kama huyo Tony yupo kweli. Upweke umemtengenezea Natalie shoga.

Filamu ya Black Christmas ya 1974, iliyotengenezwa Kanada na Bob Clark, imo ndani ya nyumba ya udada yenyewe. Wasichana wanapigiwa simu za matusi na vitisho. Mmoja wao, Clare, anatoweka. Baba yake na wenzake wanamtafuta huku na kule, polisi nao wanafuatilia zile simu. Jibu linalopatikana ni la kutetemesha: simu zinapigwa kutoka humo humo ndani. Muuaji amejificha darini. Clare naye yuko huko huko darini, maiti karibu na dirisha, na filamu inaisha bila polisi kumpata.

Hata hivyo, muuaji huyo aliingia kutoka nje. Miaka kadhaa baadaye, The House on Sorority Row ya Mark Rosman ilipiga hatua nyingine. Wasichana saba wanamfanyia mzaha mlezi wa nyumba, mzaha unageuka mauti, na badala ya kuita msaada wanaificha maiti katika bwawa la kuogelea. Kisha wanaendelea na sherehe. Anayesita anakumbushwa kwamba wako pamoja. Hapa udada wenyewe ndio unaoficha maiti. Kiapo kilichobuniwa ili kuwalinda wanawake dhidi ya waliowadharau kimekuwa kiapo cha kunyamazia damu.

Mona Awad, katika riwaya yake Bunny ya 2019, aliihamisha hofu hiyo hadi kwenye sarufi. Wasichana wanne wa darasa la uandishi wanaitana kwa jina moja, Bunny. Samantha, anayewacheka, anaalikwa, naye anakwenda. Anapomezwa na kundi, ‘mimi’ ya msimulizi inayeyuka na kuwa ‘sisi’. Hakuna kisu kinachohitajika ili mtu apotee. Kiambishi cha nafsi kinatosha.

Kuna wakosoaji wanaodai kwamba hadithi hizi zinawatukana wanawake, eti zinasema hawawezi kupendana. Sikubaliani nao, ingawa zipo zinazostahili lawama hiyo. Zilizo bora hazisemi kwamba urafiki wa wanawake ni mbovu. Zinauliza jambo gumu zaidi: kimbilio likishajifunza kufunga mlango, ni nani atakayesikia kilio cha aliye ndani?

Swali hilo halihitaji viza kutufikia. Mabweni ya vyuo vyetu hayana herufi za Kigiriki, lakini yana chumba cha wawili kinacholaza wanne, na mgeni asiyeandikishwa anayejua kwamba akimuudhi mwenye kitanda atalala nje. Zipo siri wanazohifadhiana mabeste, nyingine za kujenga, nyingine za kuua. Tena lugha yetu ina msamiati wa mahusiano haya. ‘Somo’ alikuwa msiri na mwalimu wa mambo yasiyosemwa hadharani. ‘Shoga’ alikuwa mwandani wa mwanamke kwa mwanamke mwenzake, ingawa leo kijana akilisikia neno hilo hufikiria maana nyingine, hata akaona haya kulitamka.

Nilimshauri mwanafunzi wangu alirudishe ‘shoga’ katika tafsiri yake, kwa maana yake ya awali. Aliniambia wasomaji watacheka. Wacheke. Wakifika kwenye ukurasa ambapo shoga anaificha maiti ya yule aliyewalea, kicheko kitawakauka.