Jamii za wenyeji na uhifadhi wa vyanzo vya maji ya Eastlands, Nairobi

Eastlands ni eneo la mashariki mwa Nairobi, lenye mitaa kama Kaloleni, Makadara, Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na linaloweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Bwawa hilo hujazwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu, inayoshuka kutoka misitu ya milima ya Nyandarua. Ukiacha mabomba mabovu na ongezeko la watu, mgao wa maji unaomlazimu mkazi wa Kayole kununua maji kwa mtungi wa lita 20 una chanzo kingine huko milimani: uharibifu wa misitu na udongo unaosombwa hadi mitoni. Usalama wa maji hayo hutegemea kwa kiasi kikubwa wanaoishi kando ya msitu, nao huyalinda vizuri zaidi wanapokuwa na haki juu ya ardhi na faida katika kuitunza.

Wapo wanaoona kwamba uzio na askari wa misitu vinatosha. Uzio wa umeme wa Nyandarua, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, ulikamilika mwaka 2009 na umesaidia kuzuia uvamizi. Hata hivyo, tope jingi linaloingia mitoni hutoka kwenye mashamba ya miteremko iliyo nje ya uzio, ambako askari wa msitu hana kazi. Ndiyo sababu Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu, ulioanzishwa mwaka 2015, uliwageukia wakulima wadogo. Mkulima huchimba matuta ya fanya juu na kupanda nyasi za napia kingoni. Mizizi hushika udongo, na majani hulishwa ng'ombe. Faida hiyo ya zizini ndiyo inayomfanya ayatunze matuta bila kusimamiwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wenyeji wenyewe hukata miti na kuchoma makaa. Ni kweli hutokea, lakini kuwafukuza wote si tiba. Mfano ni wa msitu mwingine, ule wa Mau: Serikali ya Kenya ilipotetea kuondolewa humo kwa Waogiek, jamii ya wenyeji wa msitu huo, kwa hoja ya uhifadhi, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika hukumu ya Mei 2017, haikuona ushahidi kwamba wao ndio chanzo kikuu cha uharibifu. Mwezi Juni 2022 iliamuru warudishiwe ardhi na walipwe fidia. Haki hizo haziondoi wajibu: Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inaruhusu vyama vya jamii kushiriki usimamizi na kutumia baadhi ya mazao ya msitu, kwa makubaliano yenye masharti.

Eastlands nayo ina historia yake katika kazi hii: tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, mwanzo wa vuguvugu la Green Belt. Jiji linalonywa maji ya Murang'a linapaswa kuhesabu malipo kwa watunzaji wa miteremko kuwa sehemu ya gharama ya maji, sawa na mabomba na dawa ya kuyasafishia.