Taa za Njia Panda na Mtu wa Baisikeli

Wasikilizaji wetu wengi huijua baisikeli kuliko motokaa. Baisikeli ndiyo iliyopeleka ndizi sokoni na mwalimu shuleni, na huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 ndiyo iliyozaa kazi ya bodaboda kabla pikipiki hazijalitwaa jina hilo. Lakini mtu aliyezoea njia ya kijijini, akifika mjini, hukutana na jambo geni: mlingoti wenye taa tatu, na magari mengi yakingoja amri yake. Leo twataka kueleza taa hizo zilitoka wapi, zilifanyizwa kwa ajili ya nani, na kwa nini mtu wa baisikeli huweza kupoteza maisha yake mahali pale pale palipowekwa taa ili watu wapite salama.

Mwaka wa 1868 mji wa London haukuwa na motokaa hata moja. Walakini barabara zake zilijaa mabasi ya farasi, magari ya mizigo na watu wa miguu, na karibu na Bunge msongamano ulikuwa mkubwa hata wajumbe wenyewe waliona taabu kuvuka. J. P. Knight, fundi wa ishara za reli, alifikiri kwamba lililofaa kwa gari la moshi laweza kufaa kwa gari la farasi. Mwezi wa Desemba mwaka ule pakasimamishwa mlingoti wenye mikono kama ile ya stesheni. Mikono ikinyoshwa sawasawa, magari yalisimama. Ikiteremshwa nusu, yalipita polepole. Usiku, kwa kuwa mikono haionekani gizani, iliwashwa taa ya gesi yenye rangi nyekundu na kijani, na askari polisi aliiendesha kwa mkono wake. Haukupita mwezi mzima. Mapema Januari 1869 gesi ilivuja, taa ikapasuka, na askari akaumia vibaya. Jambo likaachwa, na kwa zaidi ya miaka hamsini London haikuweka tena taa za namna hiyo.

Twaomba msomaji alishike neno moja katika habari hii. Taa ya kijani ya mwaka ule haikuwa na maana ya kwamba njia ni nyeupe, enenda upendavyo. Ilikuwa na maana ya kwamba mtu apite kwa uangalifu, akiwatazama wanaovuka. Maana hiyo imesahauliwa na wengi waendeshao magari siku hizi, nasi twaona ni hasara.

Wakati huo baisikeli ilikuwa chombo cha ajabu tu, kilichotoka Paris, chenye kanyagio kwenye gurudumu la mbele na magurudumu ya mti yaliyovikwa chuma. Mwaka wa 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baisikeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Mwaka wa 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama huko Belfast, alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa mpira wa kujazwa upepo. Mwaka uo huo sheria ya Uingereza ilitangaza kwamba baisikeli ni gari. Tangazo hilo lilikuwa fupi, lakini lilimpa mwenye baisikeli haki ya kutumia barabara pamoja na wenye farasi, na pia likamtia chini ya sheria zao. Asiwepo mtu, basi, wa kusema kwamba taa nyekundu ni ya motokaa peke yake.

Motokaa zilipoongezeka, taa zilirudi, safari hii kwa nguvu ya umeme. Katika Marekani, mji wa Cleveland uliweka zake tarehe 5 Agosti 1914, nyekundu na kijani. Mwaka wa 1920 askari polisi wa Detroit, William Potts, alitia rangi ya tatu katikati, yaani manjano, ili aliye karibu mno asishike breki kwa ghafula. London ilipata taa zake katika mtaa wa Piccadilly mwaka wa 1926, zikiendeshwa na askari. Na mwaka wa 1927 mji wa Wolverhampton ukawa na taa zilizojibadilisha zenyewe. Mwaka wa 1931 serikali ya Uingereza ilitoa kitabu cha kanuni za barabara kwa bei ya peni moja. Hata hivyo, mwaka wa 1934 walikufa watu 7,343 katika barabara za nchi ile, na wengi wao walikuwa watu wa miguu na watu wa baisikeli.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Aliyekadiria muda wa taa alikuwa na motokaa katika mawazo yake. Tufanye hesabu, na wanafunzi waifanye pamoja nasi. Motokaa iendayo mwendo wa kilometa 50 kwa saa hukata karibu meta 14 katika sekunde moja. Basi njia panda yenye upana wa meta 30 huimaliza kwa sekunde mbili na kidogo. Mtu wa baisikeli aendaye kilometa 15 kwa saa hukata meta 4 tu katika sekunde, naye huhitaji sekunde saba. Huko Uingereza taa ya manjano hukaa sekunde tatu. Mtu wa baisikeli akiingia wakati kijani inapokwisha, atakuwa katikati ya njia wakati manjano inapotoka. Na wale wa upande wa pili wakiondoka mara waonapo kijani yao, watamkuta bado anakanyaga. Akiwa na gunia la mkaa au madumu ya maziwa nyuma yake, mwendo wake ni wa chini zaidi, na baisikeli huyumba aanzapo. Kwa sababu hiyo mwenye busara, aionapo kijani kwa mbali, huuliza imewaka tangu lini. Kama aliikuta inawaka, hupunguza mwendo na kuwa tayari kusimama.

Kuna taa nyingine ambazo hungoja gari kabla ya kubadilika. Chini ya lami huzikwa waya uliozungushwa, unaopitisha umeme, na chuma cha gari kikisimama juu yake chombo hutambua. Baisikeli ina chuma kidogo, na mara nyingine waya haumjui mpandaji wake. Husimama hapo akingoja kijani isiyokuja. Mara nyingi mahali ulipozikwa waya huonekana kama mkato mwembamba katika lami. Magurudumu yakiwekwa juu ya mkato wenyewe, si katikati ya duara, yamkini waya utatambua. Ikishindikana, hushuka na kuvuka kwa miguu mahali pa wavukao.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote haimo katika taa. Imo katika lori linalongoja kando ya mtu wa baisikeli. Kenya, Uganda na Tanzania ni nchi za kupita upande wa kushoto, kama Uingereza, na dereva huketi kulia. Lori likisimama kwenye nyekundu, huachwa nafasi nyembamba kati yake na ukingo wa barabara, nayo humvuta mwenye baisikeli kama mlango uliofunguliwa. Anaingia, anafika karibu na gurudumu la mbele, anasimama. Dereva yuko juu, naye hamwoni. Taa ikawa kijani, lori likapinda kushoto. Magurudumu ya nyuma ya lori hayafuati alama ya yale ya mbele. Hukata kona kwa ndani, na nafasi ile huzidi kupungua hata ikawa hapana. Hivyo ndivyo wengi walivyokufa London, nao hawakuivunja sheria yo yote. Anayefika nyuma ya lori na abaki nyuma yake, hata kama nafasi ni kubwa na haraka ni nyingi. Katika Rwanda, Burundi na Kongo, ambako watu hupita kulia, habari ni ile ile kwa upande wa pili.

Miji mingine imetafuta dawa. Mwaka wa 1984 mji wa Oxford ulichora mistari miwili ya kusimamia: wa nyuma wa motokaa, wa mbele wa baisikeli, ili dereva awaone mbele ya macho yake. Mjini Copenhagen, katika barabara ya Nørrebrogade, taa zilipangwa ili aendaye kilometa 20 kwa saa apate kijani moja baada ya nyingine asisimame. Groningen, katika Uholanzi, kuna njia panda ambapo baisikeli za pande zote hupewa kijani kwa pamoja, na motokaa zote husimama. Mgeni hudhani watagongana, nao hupishana kama watu sokoni. Tangu mwaka wa 2012 Paris huruhusu baisikeli kupinda kulia kwenye nyekundu mahali palipowekwa alama. Hiyo ni ruhusa ya mahali pake, wala mtu asiichukue nyumbani kama mzigo wa magendo. London, kuanzia mwaka wa 2021, ililazimisha malori makubwa kupata kibali kwa kadiri dereva awezavyo kuona kwa macho yake kutoka kiti chake; na mwaka wa 2022 kanuni za barabara za Uingereza ziliandikwa upya, zikisema wazi kwamba gari linalopinda lisimkatizie mtu wa baisikeli anayekwenda mbele. Ilichukua zaidi ya miaka tisini tangu kile kitabu cha peni moja.

Katika miji yetu kuna jambo moja zaidi. Nairobi na Dar es Salaam, saa za watu kwenda kazini na kurudi, mara nyingi askari wa barabarani husimama katikati na kuongoza kwa mkono hali taa zinawaka juu yake. Hapo mkono wa askari ndio sheria, na kijani haina amri. Na umeme ukikatika, mlingoti huwa mti mkavu; kila dereva hujiona ana zamu ya kwanza, na mwenye baisikeli hushuka, akaisukuma kwa mkono, akavuka pamoja na watu wa miguu.