Je, Kijana wa Kimarekani Anaweza Soka? Masahihisho ya Jibu Langu

Juma lililopita, baada ya mhadhara wangu kuhusu historia ya Marekani katika karne ya 20, mwanafunzi mmoja alibaki nyuma akaniuliza swali ambalo halikuwamo katika mhadhara. "Dokta, nchi yenye fedha na viwanja kama ile, mbona vijana wake hawawezi mpira?" Wenzake waliokuwa wakikusanya madaftari wakacheka. Nilimjibu kwamba Wamarekani wana michezo yao, na kwamba soka kwao ni kitu cha kuazima. Nikiwa njiani kurudi nyumbani niligundua kuwa nimemjibu vibaya. Jibu langu lilikuwa jepesi, na historia hailiungi mkono. Makala haya ni masahihisho yangu.

Tuanzie Uruguay mwaka 1930, katika Kombe la Dunia la kwanza. Marekani iliifunga Ubelgiji mabao 3-0, ikaifunga Paraguay mabao 3-0, ikafika nusu fainali ambako ilichapwa 6-1 na Argentina. Mabao yote matatu dhidi ya Paraguay yalifungwa na Bert Patenaude, kijana wa miaka 20 kutoka Fall River, Massachusetts. Huyo ndiye mtu wa kwanza kufunga mabao matatu katika mchezo mmoja wa Kombe la Dunia, ingawa FIFA ilimtambua rasmi mwaka 2006 tu. Fall River ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, uliojaa wahamiaji kutoka Uingereza, Ureno na Kanada ya Kifaransa. Watu hao walihama na mpira wao, na tangu 1921 ilikuwapo ligi ya kulipwa iliyowapa vijana wao mahali pa kucheza. Ligi hiyo haikuuawa na ukosefu wa vipaji. Iliuawa na ugomvi wa viongozi wa ligi na wa chama cha soka, ulioanza mwaka 1928, na mdororo mkuu wa uchumi uliofuata ukaimalizia.

Miaka 20 baadaye, tarehe 29 Juni 1950, huko Belo Horizonte nchini Brazil, Marekani iliifunga Uingereza 1-0. Mfungaji alikuwa Joe Gaetjens, mzaliwa wa Haiti aliyekuwa akisoma Columbia mjini New York huku akiosha vyombo katika mgahawa ili ajikimu. Mlinda mlango Frank Borghi aliendesha gari la kubebea maiti. Walter Bahr, ambaye shuti lake ndilo lililomfikia Gaetjens akaliunganisha kwa kichwa, alikuwa mwalimu wa shule. Gaetjens alirejea Haiti, na mwaka 1964 alikamatwa na vikosi vya Duvalier, hakuonekana tena. Soka la Marekani nalo lilikuwa kama limepotea pamoja naye, kwa maana kuanzia 1950 nchi hiyo haikufuzu Kombe la Dunia hata mara moja hadi 1990. Kwa miaka 40, mvulana wa Kimarekani mwenye kipaji hakuwa na ngazi ya kupandia. Fedha zilizomleta Pelé katika klabu ya Cosmos mwaka 1975 zilijaza viwanja, lakini ligi yenyewe ilikufa baada ya msimu wa 1984. Mtu akinunua matunda sokoni hajapanda mti.

Kundi lililofuzu kwenda Italia mwaka 1990, kwa bao moja la Paul Caligiuri huko Trinidad, lilikuwa la vijana waliotoka vyuo vikuu. Walifungwa michezo yote mitatu. Mwaka 1994 wakawa wenyeji. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, nikifuatilia michuano ile redioni pamoja na marehemu baba, naye alicheka sana aliposikia kuwa Marekani imeifunga Kolombia 2-1. Alisema ni bahati, kwa kuwa bao moja Wakolombia walijifunga wenyewe. Nadhani dharau yangu niliirithi hapo.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kuanzia mwaka 1999 Wamarekani walijaribu kufanya hivyo. Waliwakusanya wavulana wa chini ya miaka 17 katika kambi ya kudumu huko Bradenton, Florida, wakisoma na kucheza kwa gharama za chama cha soka. Matunda yalionekana upesi. Mwaka huohuo, katika michuano ya dunia ya umri huo nchini New Zealand, Marekani ilishika nafasi ya nne, na wachezaji wawili waliotajwa kuwa bora kuliko wote walitoka kambi ile: Landon Donovan na DaMarcus Beasley. Miaka mitatu baadaye, katika Kombe la Dunia la 2002, wote wawili wakiwa na miaka 20, walikuwamo katika kikosi kilichoifunga Ureno 3-2 na Mexico 2-0 kabla ya kutolewa na Ujerumani kwa bao 1-0 katika robo fainali. Donovan alitajwa kuwa mchezaji bora kijana wa mashindano yale.

Mafanikio hayo yalizaa tamaa. Freddy Adu alizaliwa Tema, Ghana, akaingia Marekani akiwa na miaka 8 baada ya mama yake kushinda bahati nasibu ya ukaazi. Mwezi Aprili 2004, akiwa na miaka 14, alicheza mchezo wake wa kwanza wa kulipwa katika D.C. United. Alitangaza soda akiwa na Pelé, naye akaitwa Pelé mpya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hapa tumuonee huruma mgema, maana alikuwa mtoto, na waliomsifu walikuwa watu wazima waliohitaji sura ya kuuzia ligi. Benfica ilimchukua mwaka 2007, kisha akatangatanga Ufaransa, Ugiriki, Uturuki, Brazil, Serbia na Finland. Katika timu ya taifa ya wakubwa alicheza michezo 17 tu.

Hata hivyo, kisa cha Adu si kiini cha tatizo. Kiini nilikiona mwenyewe nilipokuwa masomoni huko, katika mji mmoja mdogo wa chuo. Karibu na nyumba niliyopanga kulikuwa na uwanja. Jumamosi uwanja ulijaa watoto wenye sare safi, makocha wenye filimbi, na wazazi waliokuja na magari makubwa. Jirani yangu aliniambia kuwa ada ya klabu ya mwanawe kwa mwaka, ukiongeza safari za mashindano, ilikuwa imemshinda, hivyo akamtoa. Jumapili uwanja uleule ulijaa vibarua kutoka Mexico na Honduras pamoja na watoto wao, wakicheza hadi giza liingie. Mpira niliouona Jumapili ulikuwa mtamu kuliko wa Jumamosi. Lakini wasaka vipaji walikuja Jumamosi.

Utaratibu huo una sababu zake. Katika nchi nyingi, klabu ndogo iliyomlea mtoto hupata mgawo wa fedha anapouzwa ukubwani, kwa mujibu wa kanuni za FIFA. Chama cha soka cha Marekani kilikataa kwa miaka mingi kutekeleza kanuni hizo. Klabu ya mtaani isiyotarajia chochote kutokana na mtoto kesho humtoza mzazi wake leo. Clint Dempsey, aliyefungana na Donovan kwa mabao 57 kileleni mwa wafungaji wa timu ya taifa ya wanaume, alikaribia kupotea kwa sababu hiyo. Alikulia Nacogdoches, Texas, akicheza na wahamiaji wa Kimexico, na wazazi wake walimsafirisha kwa gari yapata saa tatu hadi Dallas kwa mazoezi. Kuna wakati aliacha kwa sababu fedha hazikutosha. Je, ni akina Dempsey wangapi ambao hawakurudi?

Tarehe 10 Oktoba 2017 Marekani ilifungwa 2-1 na Trinidad na Tobago ikakosa Kombe la Dunia la Urusi. Bao lake lilifungwa na Christian Pulisic, mwenye miaka 19. Kijana huyo alikuwa ameingia Borussia Dortmund akiwa na miaka 16. FIFA huzuia uhamisho wa kimataifa wa walio chini ya miaka 18, ila ndani ya Umoja wa Ulaya huruhusu kuanzia miaka 16. Pulisic alipita kwa pasipoti ya Croatia aliyoipata kupitia babu yake. Mwaka 2021 alitwaa Ligi ya Mabingwa akiwa na Chelsea. Wenzake wa rika lile wana visa vinavyofanana. Weston McKennie alianza kucheza akiwa mtoto Ujerumani, ambako baba yake alikuwa askari wa jeshi la anga. Sergiño Dest alizaliwa na kulelewa Uholanzi. Tim Weah ni mwana wa George Weah. Wapo pia walioinuliwa na akademi za klabu za nyumbani, kama Tyler Adams, aliyekuwa nahodha nchini Qatar mwaka 2022 akiwa na miaka 23. Timu ile ilitoka sare na Uingereza, ikaifunga Iran, ikatolewa na Uholanzi 3-1. Lakini mwaka 2024, ikiwa mwenyeji wa Copa América, ilifungwa na Panama na Uruguay ikatolewa katika hatua ya makundi.

Kwa wanaodhani bado kuna kasoro katika damu au utamaduni, nawakumbusha dada zao. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria, maarufu kwa jina la Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Vyuo vikalazimika kuwapa wasichana timu, makocha na ufadhili. Matokeo yake ni Kombe la Dunia la wanawake mwaka 1991, 1999, 2015 na 2019. Ada za klabu zipo kwa wasichana pia, na zimewaacha maskini wengi nje, lakini mlango mmoja mkubwa ulifunguliwa kwa sheria, wakati mataifa mengi yalikuwa bado yamewafungia wasichana wao.

Kwa hiyo jibu langu sahihi kwa mwanafunzi wangu ni hili. Kijana wa Kimarekani anaweza, na amekwisha kuweza tangu Patenaude. Kinachobadilika ni idadi ya wanaofikiwa. Mmoja mmoja, wenye babu wa Croatia au baba mwanasoka, wataendelea kung'ara Ulaya. Taifa zima litashindana na Argentina na Ufaransa siku ambayo watoto wa Jumapili watacheza bila ada mbele ya wasaka vipaji wa Jumamosi.

Tusicheke mno. Nasi tunaanza kuona mijini akademi za kulipia, na viwanja vya mitaa vikigeuzwa maeneo ya kuegesha magari. Nitamwita yule mwanafunzi nimwombe radhi, kisha nimuulize mtaani kwao wanacheza wapi siku hizi.