Kigoma–Uvira: kilomita ni zilezile, safari si ileile



Mfadhili mmoja alitazama karatasi yetu ya matumizi, akauliza: kwenye ramani Kigoma na Uvira ni karibu, kwa nini kurudisha familia moja kunakula siku na feza nyingi hivi? Swali ni zuri. Tunalijibu kwa historia.

Ukipima moja kwa moja kama ndege anavyoruka, miji hii miwili inaachana kilomita 170 hivi. Ndege ndogo ingemaliza kwa nusu saa. Lakini watu wetu hawapiti angani, wanapita Ziwa Tanganyika.

Mwezi wa 4, 1858, Waingereza Burton na Speke walitoka Ujiji, karibu na Kigoma, wakapanda na mitumbwi ya kasia, wakapitia Ubwari mpaka Uvira. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani. Kule Uvira wakaambiwa: hapana, unaingia. Safari hiyo iliwala siku nyingi.

Mwaka 1914 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na 1915 wakashusha majini meli Graf von Götzen. Wenyewe waliizamisha 1916. Waingereza waliirudisha kazini 1927 kwa jina la Liemba. Meli ikitembea kilomita 18 kwa saa, Kigoma mpaka Uvira ni masaa kumi hivi. Kumbe siku nyingi za kasia zikageuka usiku mmoja!

Halafu vita. Mwezi wa 10, 1996, watu wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwa boti, kwa pirogi, kwa chochote kinachoelea. Ile wakati hakuna aliyehesabu kilomita. Mama alihesabu watoto. Mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa, kule Kasulu.

Mwaka 1997, kisha Mobutu kuanguka, Umoja wa Mataifa ulitumia Liemba ileile kurudisha wakimbizi Uvira. Watu walishuka wakaanza kulima. Mwezi wa 8, 1998, vita vikaanza tena, na wengine wakarudia maji yaleyale. Kuanzia 2005 HCR ilirudisha watu tena kwa meli, kutoka Kigoma mpaka Baraka. Mtu aliyekimbia 1996 akarudi wakati huo, masaa yake ya meli ni machache, lakini safari yake ilikula miaka tisa.

Basi jibu letu ni hili. Tiketi ya meli ni kipande kidogo cha safari. Kuna njia ya kutoka kambini mpaka bandarini, kuna kungoja karatasi, kuna mizigo. Na kisha kushuka, kuna shamba ambalo mwingine analima na nyumba isiyo na mlango. Mtu akifikia bandarini bila pa kulala, hajafika bado. Wale wa 1998 wametufundisha: kurudi kusipokuwa na mizizi, ziwa linavukwa mara ya pili.

Kwa hiyo wanamemba, mchango wenu wa kila mwezi haununui kilomita. Unamsaidia mwenzetu avuke mara moja tu, akae.