Injini Iliyoundwa Isifunguliwe

Mafundi pikipiki wengi wa rika langu hapa Korogwe tumesomea injini moja, hata kama baadhi yetu hawajui jina lake. Wateja waliiita kwa majina yaliyobandikwa kwenye tangi, na majina hayo yalibadilika kila mzigo mpya uliposhuka Dar es Salaam. Chini ya tangi mambo yalikuwa yale yale: silinda moja, pushirodi mbili, pistoni ya kipenyo cha milimita 56.5 inayopanda na kushuka milimita 49.5. Ni Honda CG125, au nakala yake iliyotengenezwa China. Historia ya pikipiki nchini huandikwa kwa habari za leseni, ajali na vijiwe vya bodaboda. Mimi naona sehemu yake kubwa imepita kwenye nyua za nyumba zetu, juu ya gunia lililotandazwa, injini ikiwa imeshushwa.

Katikati ya miaka ya 1970 Honda walikuwa na tatizo. Pikipiki zao ndogo za wakati ule zilikuwa na kamshafti juu, ndani ya silinda hedi, ikizungushwa na cheni ya taimingi. Huko Japani zilidumu. Katika nchi ambako pikipiki hubeba familia nzima na gunia juu, na ambako oili huongezwa tu bila kubadilishwa, zilikufa mapema. Injinia Takeshi Inagaki na wenzake walikwenda Asia na Mashariki ya Kati kuangalia jinsi watu wanavyozitumia. Hawakurudi na kitabu cha kuwafundisha wateja adabu ya matengenezo. Walirudi wakaunda injini ya mtu asiye na muda wala fedha za matengenezo, na kwa uamuzi huo nawaheshimu mpaka leo.

Kamshafti waliishusha chini, karibu na krenki, inakopata oili kwanza. Waliipa gia badala ya cheni, kwa hiyo hakuna cheni ya kulegea wala tensha ya kukatika. Kamshafti yenyewe ina nundu moja tu, nayo inainua pushirodi zote mbili kwa zamu, ya kuingiza na ya kutoa moshi. Chujio la karatasi hawakuliweka. Kwenye ncha ya krenki kuna bakuli linalozunguka nayo na kutupa uchafu wa oili pembeni, unagandamana humo kama tope. Bakuli hilo halionekani mpaka ufungue kava la klachi, na ndiyo maana injini nyingi zinazoletwa kwangu linakuwa halijawahi kusafishwa tangu kiwandani.

CG ilitoka mwaka 1976, na mwaka huo huo Honda wakaanza kuiunda Manaus, Brazili. Pakistani nako ikaundwa kwa miaka mingi. Viwanda vya China vikaichukua, vikainakili, vikaiongezea ukubwa, na hapo ndipo ilipotufikia kwa wingi.

Kabla ya hapo pikipiki ilikuwa chombo cha bwana shamba, padri na mganga wa zahanati. Mjomba aliyenifundisha kazi alizihudumia hizo, nyingi zikiwa za kuchanganya petroli na oili, zisizo na valvu wala tapeti. Kuifungua injini yake ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 2000, zikaja za Kichina. Vijana walikuwa tayari wanabeba abiria kabla sheria haijawatambua; kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilitoka mwaka 2010. Pikipiki iliyoundwa kwa mwenye familia ikawa inakimbia alfajiri hadi usiku wa manane, kwenye vumbi la njia za mkonge, mara nyingi chujio la hewa likiwa limeng'olewa ili "ivute vizuri". Vumbi lile likiingia husugua silinda kama msasa. Injini iliyokusudiwa isifunguliwe ikaanza kufunguliwa kila mahali, na mafundi wakazaliwa.

Kwa nini nyumbani na siyo gereji? Kwa sababu CG inakubali. Mtu mmoja anaishusha bila winchi. Ndani ya bloku ya aluminiamu kuna slivu ya chuma cha kalibu, na slivu ikila unaichonga. Pistoni za kuongeza huja kwa ngazi: 0.25, 0.50, 0.75 na milimita 1, na namba yake imegongwa juu ya kichwa cha pistoni. Mjomba alikuwa akifungua injini anafuta masizi kwa kitambaa kabla ya kusema lolote, anasoma namba ile. Ikiwa 050, anajua huenda wamekwisha kupita wenzake wawili hapo. Historia yote ya pikipiki, uchoyo wa mwenyewe na uangalifu wa fundi, ilikuwa mle.

Uani tulikuwa hatuna mashine ya kukereza. Bloku ilikwenda kwa mkerezaji pamoja na pistoni yenyewe, kamwe siyo bloku peke yake, maana slivu huchongwa kuifuata pistoni iliyopo mkononi. Ikirudi tunaingiza ringi peke yake, tunaisukuma chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, halafu tunainua bloku kuelekea jua. Mwanga ukipenya pembeni ya ringi, bloku inarudi kwa mkerezaji na hakuna mjadala. Valvu tulizisaga kwa mkono kwa dawa yake, tukamimina petroli kwenye tundu na kuangalia kama inavuja. Tapeti ni milimita 0.08, pengo jembamba kuliko karatasi ya kuandikia, injini ikiwa ya baridi.

Halafu vijana wakaanza kuomba nguvu. "Fundi, shikamoo. Nifanyie hii iwe mia na hamsini." Hesabu yake ni ya kweli: ukiacha krenki ile ile na kuweka pistoni ya milimita 62, sentimita za ujazo 124 zinakuwa 149. Wachina walifanya hivyo hivyo kiwandani. Lakini uani ni lazima uulize maswali ambayo kiwanda kimeshayajibu. Slivu nene inaingia kwenye mdomo wa kesi? Isipoingia, kesi inapasuliwa yote na kukerezwa. Na ukibakiza silinda hedi ya 125, mgandamizo uliokuwa 9 kwa 1 unapita 10, injini inagonga kwenye mlima ikiwa imebeba watu. Hapo unahitaji hedi ya 150, jeti kubwa ya kabureta, na mteja anayekubali kuilea wiki za mwanzo. Nimewafanyia waliokubali. Wasiokubali nimewarudishia pikipiki kama ilivyokuja, na wapo walionuna.

Siku hizi bloku mpya, pistoni na ringi zake huuzwa pamoja kwenye boksi moja, kwa bei inayokaribia ile ya kuchonga. Mwanafunzi wangu anazifunga kwa saa chache na injini inawaka vizuri. Ila kabla hajafungua boksi namtaka apime ile ya zamani, asome namba kwenye pistoni na aniambie imekula upande gani. Ikiwa imekula upande mmoja tu, tunatoa krenki tuangalie konirodi kama imepinda, kwa sababu bloku mpya juu ya konirodi iliyopinda itarudi hapa kabla ya mavuno.